Je, wajua? Chuma kinaweza kuwa na usumaku ambao sumaku haiugundui

Wanunuzi wa vyuma chakavu mjini Moshi hutembea na sumaku iliyochopolewa kwenye spika mbovu. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, huenda ni shaba au alumini, na bei inapanda. Kwa kazi yao kipimo hicho kinatosha. Tatizo ni pale tunapoamini kwamba kitu kisichovutwa na sumaku hakina usumaku ndani yake. Imani hiyo inakwama kwenye supakondakta za chuma.

Supakondakta ni kitu ambacho kikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Kwa miongo mingi wanafizikia walikikwepa chuma, kwa sababu usumaku wake huvunja jozi za elektroni zinazobeba umeme huo. Mwaka 2008 Hideo Hosono na wenzake huko Tokyo wakaonyesha kampaundi ya chuma na arseniki inayofanya kazi hiyo kwenye Kelvini 26, yaani karibu nyuzi 247 chini ya sifuri. Maelezo yanayokuja haraka ni kwamba chuma, kwa kuungana na arseniki, kimepoteza usumaku wake. Hapana. Katika kampaundi za jamii hii kila atomi ya chuma inaweza kubaki sumaku ndogo, ila sumaku hizo hupangwa kwa kupingana.

Chukua wanafunzi waliojipanga mistarini kwenye uwanja wa shule Moshi. Mistari miwili inatazama Kilimanjaro, miwili inayofuata inatazama kusini kwenye mashamba ya miwa ya TPC, kisha miwili mlimani tena. Kila mmoja ana upande anaoutazama, lakini ukijumlisha pande zote unapata sifuri, na sumaku ya spika huhisi jumla tu. Hivyo ndivyo zinavyojipanga atomi za chuma ndani ya teluridi ya chuma, yaani kampaundi ya chuma na elementi ya teluri, joto likishuka hadi karibu nyuzi 200 chini ya sifuri. Kuugundua mpangilio huo, lazima mtu apite katikati ya mistari, naye awe na upande wake: atapokezana vitu kwa wepesi na wanaotazama anakotazama yeye, na kwa shida na wengine.

Mpitaji huyo ni sindano ya hadubini waliyoibuni Gerd Binnig na Heinrich Rohrer nchini Uswisi mwaka 1981. Ncha yake hukaa juu ya uso wa fuwele, pengo likiwa dogo kuliko nanomita moja, na elektroni huvuka pengo hilo bila ncha kugusa. Sindano ya kawaida haina upande. Lakini teluridi ya chuma huwa na chuma cha ziada, atomi zilizotapakaa juu ya uso wake, na watafiti huziokota kwa ncha ileile hadi nayo ipate usumaku. Sampuli yenyewe ndiyo inayotoa kifaa cha kuipimia! Sijui njia nyingine ya upimaji inayopendeza kuliko hii.

Picha zilizochapishwa mwaka 2014 zilionyesha safu moja ya atomi za teluri za juu inayong'aa na inayofuata imefifia, zikipokezana; kila safu hiyo inalingana na mistari miwili ya chuma. Uga wa sumaku ukigeuzwa, ncha inageuka nao: safu zilizofifia zinang'aa, zilizong'aa zinafifia. Mistari iliyotokana na umbo la uso peke yake isingebadilishana hivyo.

Hata hivyo, uso si lazima ufanane na kilichomo ndani. Teluridi ya chuma hupasuka vizuri kati ya tabaka zake, lakini kampaundi ya chuma yenye bari na arseniki huacha atomi za bari zimegawanyika ovyo pande zote mbili, na kusoma uso huo ni kazi ngumu. Ndiyo maana matokeo ya sindano hulinganishwa na ya nyutroni, chembe zisizo na chaji ambazo hupenya fuwele nzima.

Tena teluridi ya chuma peke yake si supakondakta. Inakuwa hivyo pale sehemu ya teluri inapobadilishwa kwa seleni, na hapo ile mistari iliyotulia hutoweka. Kinachobaki ni sumaku ndogo zinazogeuka-geuka upesi mno kwa sindano inayopiga picha polepole, ingawa nyutroni huzihisi. Wanafizikia wengi wanaamini kugeuka-geuka huko ndiko kunakoziunganisha jozi za elektroni, lakini ubishi juu ya namna kunavyofanya hivyo haujaisha.