Ufini mwaka 1952: tunayosimuliana na yaliyotokea

Mtajie mpenzi wa riadha mwaka 1952, atakutajia Helsinki na Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyeshinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki hiyo moja. Wakenya na Waganda walikuwa hawajaanza kushiriki. Wao waliingia Melbourne mwaka 1956. Ila Olimpiki ile ilianza Julai 19 ikaisha Agosti 3, na wenyeji wake Wafini, watu wapatao milioni nne, mwaka huo walikuwa na shughuli nyingine kubwa: kumaliza kuulipa Umoja wa Kisovieti deni la kushindwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Hapo ndipo maneno mengi yasiyo sahihi yalipoingia.

Dhana: Ufini iliilipa Moscow fedha

Hapana, ililipa kwa jasho. Mkataba wa kusitisha vita, uliotiwa saini Septemba 19, 1944, uliweka fidia ya dola milioni 300, lakini dola hizo zilitolewa kwa vitu: meli, mashine, nyaya za umeme, mbao, karatasi. Sehemu kubwa ilikuwa mashine na vyombo vya chuma, ilhali utajiri uliozoeleka wa Ufini ulikuwa msitu. Karakana zilizokuwepo zikalazimika kupanuka haraka, na nyingine zikajengwa.

Uchungu zaidi ulikuwa kwenye bei. Bidhaa zilithaminiwa kwa bei za mwaka 1938 pamoja na nyongeza ndogo, wakati gharama halisi za baada ya vita zilikuwa juu mno. Kwa hiyo meli iliyomgharimu Mfini fedha nyingi ilifuta kipande kidogo tu cha deni. Na mzigo ukichelewa, faini ilikuwa asilimia 5 kwa kila mwezi. Nikifikiria mafundi waliofanya kazi chini ya masharti hayo miaka minane mfululizo, treni ya mwisho ya fidia, iliyovuka mpaka wa Kisovieti kupitia Vainikkala Septemba 18, 1952, naiona kubwa kuliko medali yoyote ya kiangazi kile.

Dhana: Walilipa dola zote milioni 300

Hili hurudiwa sana, hata na wanaowasifu. Mwaka 1948 Moscow ilifuta nusu ya deni lililokuwa limebaki, na jumla iliyolipwa ikawa kama dola milioni 226.5. Muda nao uliongezwa, kutoka miaka sita hadi minane. Sioni kwamba hilo linawapunguzia heshima.

Dhana: Mpango wa Marshall ndio uliowainua

Huo ulikuwa msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya. Mwaka 1947 Ufini iliukataa, kwa kuchelea kumuudhi jirani wa mashariki. Ilikopa Marekani na Uswidi, lakini msaada huo wa Marshall haikuupokea. Maisha nayo hayakuwa ya neema: kahawa, kinywaji ambacho Wafini hawawezi kuanza siku bila hicho, iliendelea kuwa ya mgao hadi mwaka 1954.

Dhana: Wakimbizi wa Karelia waliachwa makambini

Ufini ilipoteza sehemu kubwa ya Karelia, eneo lake la mashariki, kwa Umoja wa Kisovieti, na watu zaidi ya laki nne wakahama. Ni zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi nchini. Sheria ya ardhi ya mwaka 1945 iliagiza wagawiwe mashamba, pamoja na askari waliorudi kutoka vitani. Ardhi ilitoka kwa serikali, makampuni, serikali za mitaa na hata watu binafsi waliokuwa na mashamba makubwa. Wengi walipewa msitu mtupu: kata miti, ng'oa visiki, jenga nyumba, ndipo ulime. Kazi hiyo ilikuwa bado inaendelea wakati wageni wa Olimpiki wakipiga picha mjini.

Dhana: Vita vilipoisha, Warusi waliondoka kabisa

Ni kweli Helsinki haikutekwa, na Tume ya Udhibiti ya washindi, iliyokaa katika Hoteli Torni, ilifungasha virago mwaka 1947. Lakini Umoja wa Kisovieti ulikuwa umekodishwa rasi ya Porkkala kwa miaka 50 iwe kambi ya kijeshi, umbali wa kilomita kama 30 tu kutoka Helsinki. Reli ya pwani kati ya Turku na mji mkuu ilipita katikati yake. Treni ya abiria ilipofika mpakani mwa eneo hilo, madirisha yalifunikwa kwa nje, kichwa cha treni cha Kisovieti kikafungwa mbele, na abiria wakavushwa bila kuona hata mti mmoja wa nchi yao.

Porkkala ilirudishwa Januari 1956, mapema mno kuliko mkataba ulivyosema. Mwaka 1952 hakuna aliyejua hilo. Mtu wa Turku aliyekwenda kutazama Olimpiki kwa reli ya pwani alipita hapo gizani, mchana wa Julai.