Fiji haishindi kwa kipaji pekee

Husemwa kwamba Wafiji huzaliwa wakijua raga ya wachezaji saba kila upande, mazoezi ni nyongeza tu. Sivyo. Kocha Mwingereza Ben Ryan, aliyeichukua timu 2013, alikazania stamina na lishe, na wachezaji wakapandishwa mbio kwenye vilima vya mchanga vya Sigatoka. Kwenye Olimpiki ya Rio 2016 waliipiga Uingereza 43–7 fainali.

Hata ile pasi yao ya mkono mmoja wakiwa wamekabwa, inayoonekana ya kubahatisha, inadai pumzi. Mpokeaji lazima awe ameshafika begani kwa mwenzake. Akichelewa hatua mbili, mpira unaanguka, na kwenye uwanja mpana wa mita 70 wenye walinzi saba tu, kosa hilo mara nyingi ni trai kwa wapinzani, yaani mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wako wa goli.