Amekunywa Chai Bila Kukohoa

Mgonjwa akishatolewa mrija wa kupumulia, ndugu zake huniuliza ataanza kula lini. Nawaelewa. Wamekesha wiki nzima wakiomba, sasa amefumbua macho, na hapa Nairobi mtu akifumbua macho hupewa chai. Thamosi iko tayari kwenye kikapu, nami ndiye ninayewaambia wangoje.

Kazi yangu ni tiba ya usemi na umezaji. Tangu Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, nimewaona wengi walioponea ICU kisha wakaponzwa na kikombe.

Mrija ule huingilia mdomoni, ukapita katikati ya nyuzi za sauti hadi kwenye njia ya hewa. Ukikaa zaidi ya saa 48, uwezekano wa shida ya kumeza huongezeka, na wagonjwa mahututi wa Korona wengi walikaa nao siku nyingi kuliko hizo. Nyuzi huvimba na kuchubuka, misuli ya koo hulegea. Halafu kuna pumzi. Kila tunapomeza, pumzi husimama kwa muda wa kama sekunde moja. Mtu anayehema mara 30 kwa dakika hana nafasi hiyo. Kabla hajamaliza kumeza, kifua kinadai hewa na chai inavutwa nayo.

"Daktari, ameimaliza yote, na wala hajakohoa," binti mmoja aliniambia kwa furaha. Hapo ndipo mimi huingiwa na hofu. Koo lililokaa na mrija huweza kufa ganzi, kinywaji kikaingia mapafuni mwili usishtuke. Baadaye homa inapanda, kumbe ni nimonia. Kwa hiyo namwomba mgonjwa aseme "aaa" kabla na baada ya kijiko, nisikilize kama sauti imeloa, yaani inakoroma kama ya mtu mwenye maji kooni. Hata hivyo sikio halitoshi. Jibu la uhakika hutolewa na kamera nyembamba inayopitishwa puani, au eksirei inayomwonyesha akimeza.

Wengi hudhani kinywaji chepesi ndicho salama. Sivyo. Maji na chai hukimbia kabla koo dhaifu halijapata muda wa kujifunga. Uji huenda taratibu. Lakini uji upi? Nachukua bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, naziba tundu kwa kidole, najaza, naachilia kwa sekunde 10, kisha nasoma kilichobaki. Ikibaki chini ya mililita 1, uji huo ni kama maji tu. Ikibaki zaidi ya 8, ni mzito kweli. Upimeni ukiwa na joto lile lile atakalounywea, kwa sababu uji huzidi kuwa mzito ukipoa. Na kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi kikombeni: mate huvunja wanga, na uji uliokuwa mzito ukawa mwepesi mnautazama.

Githeri yenye mchuzi, supu ya vipande, mkate uliochovywa kwenye chai, hivyo huja mwisho kabisa, maana koo linalazimika kushughulikia kigumu na majimaji kwa pamoja.

Wengi hurudia chakula chao cha kawaida, wengine baada ya siku chache, wengine miezi. Wakati huo wote mpigisheni mgonjwa mswaki asubuhi na jioni, hata kama analishwa kwa mpira wa puani, kwa kuwa mate yenyewe huteremka mapafuni na kubeba vijidudu vya mdomoni.