Maji ya kwenye punje hayaimarishi nailoni

Hoja hii ya wanaoyeyusha punje za nailoni na kuzisukuma kwenye moldi imenichosha: "Nailoni hii ina mpira ndani, tena nailoni hupenda maji. Niikaushe ya nini?" Kisha klipu zinavunjika mkononi, na lawama anabebeshwa aliyeuza malighafi.

Maji hayohayo yana kazi mbili zinazopingana. Yakiingia kwenye kipande kilichokwisha kupoa, hupenya kati ya minyororo ya molekuli na kuilegeza, kipande kikapinda bila kukatika. Ndiyo sababu watu huchemsha vipande kwenye maji. Yakiwa kwenye punje, ndani ya bareli, silinda ya mashine inamoyeyukia nailoni, yenye nyuzi 285 za Selsiasi, huikata minyororo hiyo. Mpira hauokoi kitu hapo. Vitone vyake, vidogo kuliko maikroni 1, huzuia ufa kwa kuiwezesha nailoni inayovizunguka kunyumbuka, na nailoni iliyokatikakatika hainyumbuki. Chemsha upendavyo, minyororo hairudi.

Kinachoniudhi zaidi ni kuyaamini macho. Ndiyo, michirizi ya fedha hutokea na nozo, ncha ya bareli, hudondosha, lakini kipande kilichooza ndani kinaweza kutoka kiking'aa vizuri kabisa. Tazama kingo za moldi: zikianza kutoa utando mwembamba na wewe hujagusa presha, uji wa nailoni iliyoyeyuka umekuwa mwepesi, yaani minyororo imefupika.

Unyevu usizidi asilimia 0.2 ya uzito. Kausha kwa nyuzi 80, kwa hewa ambayo kiwango chake cha umande (joto ambalo mvuke wake huanza kutonesha) ni nyuzi 20 chini ya sifuri au chini zaidi. Dar es Salaam au Mombasa, draya (mashine ya kukaushia) ya hewa moto tu huvuta mvuke uleule wa nje. Unapasha punje joto, hukaushi. Vitabu huandika saa 2 hadi 4. Kwa gunia lililolala wazi siiamini namba hiyo. Pima unyevu wenyewe. Ila usiziache punje usiku kucha kwenye hewa moto ya kawaida, zitageuka njano.

Moldi ikikataa kujaa, usikimbilie kupandisha joto kupita 300. Mpira huufanya uji kuwa mzito, kwa hiyo panua geti, tundu la kuingizia uji kwenye moldi. Mabaki yaliyosagwa ili yatumike tena yasizidi robo ya mchanganyiko, nayo yakaushwe.

Nailoni ya mpira imeundwa iwe sugu hata ikiwa kavu. Gonga kipande nyundo kikishapoa tu, kabla hakijanywa maji ya hewani. Kikipasuka kama kigae, anza kukagua draya.