Nafasi za sekondari Dar es Salaam: yanayosemwa na yalivyo

Kila Januari maneno ni yale yale, kwenye daladala, msibani, mpaka kwenye kikao cha wazazi: watoto wamekuwa wengi, serikali imezidiwa, tufanyeje. Naishi Ilala, upande wa Chanika, na nina binti sekondari. Mengi ya maneno hayo si kweli, na wanaoumia tukiyaamini ni watoto.

"Wanafunzi wameongezeka ghafla"

Hakuna mtoto anayezuka tu kidato cha kwanza. Anayeripoti leo aliandikishwa darasa la kwanza miaka saba iliyopita, na jina lake liko kwenye rejesta. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wazazi walifurika shule za msingi kuandikisha. Siku ile ile ungeweza kuhesabu kwa vidole: darasa la saba 2022, kidato cha kwanza Januari 2023. Ndivyo ilivyokuwa. Waliochaguliwa nchi nzima mwaka huo walizidi milioni moja, na vyumba 8,000 vya madarasa vikajengwa mbio mbio miezi ya mwisho ya 2022. Nashukuru vilijengwa. Lakini miaka saba ya kujiandaa tulikuwa nayo.

Sasa linakuja kubwa kuliko hilo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza shule ya msingi wakiwa la sita, mwaka 2027. Waliowatangulia, wale wa darasa la nne, wanamaliza la saba mwaka huo huo. Makundi mawili yataomba kidato cha kwanza Januari 2028, na sera mpya inasema elimu ya lazima ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kila mwalimu mkuu wa shule ya msingi anaweza kukutajia idadi ya watoto hao leo, bila kusubiri matokeo ya mtihani.

"Madarasa yakitosha, nafasi zimetosha"

Kiwango ni wanafunzi 40 kwa mkondo, yaani kundi moja linalokaa chumba kimoja. Shule ikiongeza mikondo miwili ya kidato cha kwanza, mwaka huu inahitaji vyumba viwili. Mwakani hao wamepanda kidato cha pili na wengine wameingia, vinakuwa vinne. Mwaka wa nne shule inadaiwa vyumba vinane. Ndiyo maana chumba kilichozinduliwa kwa shangwe kinaonekana kimemezwa baada ya muda mfupi.

Hapo bado vyoo, maabara tatu, na walimu. Niliwahi kuingia darasani kwa binti yangu: chumba kipya kabisa, rangi bado inanukia, viti na meza vimepangwa vizuri. Nikasoma ratiba iliyobandikwa nyuma ya mlango. Fizikia ya mikondo yote sita ya kidato chao ilikuwa na herufi zile zile mbili, za mwalimu mmoja. Na hicho ni kidato kimoja tu kati ya vinne. Binti yangu ana kiti, na kwenye takwimu hiyo inahesabika ni nafasi. Mimi sikubali kuiita nafasi.

"Ukijumlisha jiji zima, nafasi zipo"

Kujumlisha ndiko kunakotupoteza. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika ongezeko hilo la milioni moja na ushee, Ilala peke yake imebeba zaidi ya laki nne, kutoka 1,220,611 hadi 1,649,912. Hawakuhamia Kariakoo wala Upanga, ambako nyumba nyingi zimegeuka maduka na ofisi. Wamejenga huku kwetu, Kivule, Msongola, Majohe, Chanika.

Kwa hiyo dawati lililo wazi katikati ya mji halimfai mtoto wa Msongola. Njoo kituoni saa kumi na moja alfajiri uone. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na konda anataka wa nauli kamili kwanza. Wasichana wa miaka kumi na minne wanasimama gizani na mabegi yao, gari la kwanza linawaacha, la pili linawaacha. Wakifika, kipindi cha kwanza kimekwisha.

"Shule binafsi zitabeba watakaobaki"

Zinabeba wenye uwezo wa kulipa, na zinajengwa watu hao walipo. Watoto wa kata zinazokua haraka wengi wao hawamo humo.

"Ardhi ya shule haipo"

Ilikuwepo. Mwenye shamba anakata vipande vya hatua 20 kwa 20, anauza kimoja kimoja, na hakuna anayetenga cha shule. Nyumba zikishasimama, kata inalazimika kutafuta fedha za fidia kabla hata ya kununua tofali. Kujenga ghorofa kunasaidia, na sehemu nyingine za jiji hakuna njia tena ila hiyo, lakini huku pembezoni bado tungeweza kuwahi.

Nyuma ya mtaa wetu kuna shamba la mikorosho ambalo halijauzwa. Wiki iliyopita nilikuta bikoni mbili mpya, alama za mipaka ya viwanja, zimechimbiwa pembeni, karibu na barabara. Nimemwomba mwenyekiti wa mtaa aliweke kwenye ajenda ya mkutano ujao, na nimeandika barua kwa diwani.