Mwanafunzi Anapotueleza kwa Nini Ziwa Nakuru Limejaa

Mimi ni mwanajiolojia, na mara nyingi huombwa kuwa mwamuzi shule za upili za hapa Nakuru zinapowasilisha miradi ya sayansi ya dunia na anga. Mada ninayoipenda kuliko zote ni kujaa kwa Ziwa Nakuru, kwa maana mwanafunzi anaweza kulipima mwenyewe hata kama shule yake haina maabara ya maana.

Picha za satelaiti za Landsat zinapatikana bila malipo tangu mwaka 2008, na katika zile zinazotumika sana kwa kazi hii kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, hufunika mita 30 kwa mita 30 za ardhi. Kwa kuwa maji hufyonza miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ilhali majani mabichi huirudisha, ziwa huonekana jeusi na msitu unaolizunguka hung'aa. Anayehesabu pikseli nyeusi 1,000 amepima mita za mraba 900,000, karibu kilomita moja ya mraba; na akilinganisha picha ya mwaka 2010 na ya 2020, zote za mwezi mmoja wa kiangazi, ataona kwamba ziwa limetanuka kwa zaidi ya nusu ya eneo lake la awali.

Swali langu la kwanza huwa kuhusu ukingo: pikseli yenye migunga iliyozingirwa na maji umeihesabu kuwa ziwa au nchi kavu? Aliyeifanya kazi mwenyewe huwa na jibu, hunionyesha kanuni aliyoifuata, kisha hukadiria jumla yake ingebadilika kiasi gani kama angeamua vinginevyo. Makadirio hayo ya kosa nayathamini kuliko bango lenye rangi za kupendeza.

Kazi huwa ngumu zaidi kwenye kueleza chanzo cha kujaa huko. Wengi husema kwamba Bonde la Ufa linapanuka na kusukuma maji juu, ila bonde hilo hupanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Wengine hutaja ukataji wa misitu ya Mau, unaoongeza udongo na maji ya ghafla katika Mto Njoro, na hoja hiyo ina uzito, hasa kwa ziwa lisilo na mto unaotoka. Hata hivyo, Naivasha, Bogoria na Baringo yalijaa katika kipindi hicho hicho, ingawa kila moja lina mito yake. Na mnamo Mei 2020, Ziwa Victoria, ambalo halimo kabisa katika bonde hili, lilifurika hadi kuwahamisha watu wa Nyando na Budalang'i. Mwanafunzi anayeweka maziwa hayo yote kwenye grafu moja pamoja na rekodi za mvua tayari ameanza kulijibu swali ambalo wengi wetu wenye shahada bado tunabishania, yaani mvua imechangia kiasi gani na ardhi iliyoharibiwa imechangia kiasi gani.