Badwater: miguu sawa, ila chunga tumbo

Watu wakijua niliwahi kwenda Badwater 135, zile mbio ndefu za jangwani Marekani, kama fizio (mtaalamu wa misuli na viungo) wa mkimbiaji mmoja, swali ni lile lile, eti viatu vinayeyuka kweli? Lami ina moto ndio, wengi wanakimbilia ule mstari mweupe wa pembeni, ila mimi kilichonipa presha ni tumbo la mkimbiaji wangu.

Mnaanzia Death Valley, California, mita 86 chini ya usawa wa bahari, mwezi wa saba, usiku, mnamalizia Whitney Portal, kwenye mlima Whitney, mita 2,500 na ushee juu, kilomita 217, mwisho masaa 48. Meza za maji hakuna, kila mkimbiaji na gari lake na watu wake. Usiku wa kwanza ndo unadanganya, jua halipo, mtu anajiona mwepesi anaachia miguu, kumbe joto bado linafuka kutoka ardhini.

Wa kwetu asubuhi ilimkuta anapanda Townes Pass, njia ya kuvuka milima, mita 1,500 hivi, halafu mteremko mrefu kuingia bonde la Panamint, mapaja yanasagika na jua limeshapamba moto. Sasa hapo mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili ipoe, misuli nayo inadai yake, tumbo linaachiwa kidogo sana, kwa hiyo maji na jeli za kutia nguvu unavyomimina havisogei, vinakaa tu. Nilikuwa nasikia maji yanacheza tumboni mwake akitembea, chwa chwa kama dumu nusu, na bado anaomba chupa!

Nikamwambia hebu lete mkono. Pete imezama kwenye kidole. Tukampandisha kwenye mizani (tulibeba ya bafuni, msicheke), uzito umeongezeka kuliko alivyoanza. Hiyo sio kiu jamani, hayo ni maji yameizidi chumvi, na chumvi ikishuka sana kwenye damu ubongo unavimba, mtu anaweza kupata degedege. Na drip usiiwaze, ukitundikiwa tu umetolewa kwenye mbio.

Tukamkalisha kwenye kivuli cha gari, barafu ndani ya kitambaa shingoni, nyingine kwapani, chupa nikamnyang'anya, akawa analamba mchuzi wa chumvi kidogo kidogo huku ananitukana. Tulikuwa tunasubiri kitu kimoja tu, akojoe, yale maji yaliyozidi yatoke. Ilichukua karibu saa nzima, na alivyorudi kutoka nyuma ya gari watu wazima tulipiga makofi.

Usiku wa pili alipanda zile kilomita 20 za mwisho kutoka Lone Pine kavaa jaketi, anatetemeka, anaulizia chai.